Mgeni Ndani ya Pipa la Baridi

Jumamosi, 5 Mehr
Mahlagha, mwenzangu wa maabara, kasifiwa tena. Miaka sita tunagandisha seli shina za wagonjwa meza moja, sifa zote zake. Dawa ya zamani huzikinga seli na barafu, lakini ni sumu. Mgonjwa akirudishiwa seli zake hunuka kitunguu saumu. Firuzeh, binti wa wodi ya juu, moyo ulimsimama kidogo kwa dawa hiyo. Mahlagha anatumia sukari badala yake. Sukari! Nitamshinda kwa hiyo hiyo. Nimekwenda soko kuu la Tehran kwa muuza mitishamba, nikanunua vifukofuko vya mdudu wa nyikani, vitamu balaa. Akaniasa nivichemshe, nisije nikamtafuna mwenye nyumba aliyelala ndani. Sichemshi. Moto huharibu asili.

Jumatatu, 7 Mehr
Nimeviloweka vifukofuko. Nimechuja kwa kichujio cha chai. Maji yake nimezitia seli. Pipa la naitrojeni ya kugandishia limejaa, basi nimetoa vichupa vya Mahlagha, nimeweka vyangu. Vyake viko kabatini, nyuma ya glavu. Nilipoinama kwenye mvuke nikasikia mkwaruzo chini kule. Kama ukucha juu ya kioo. Lakini baridi ile haiachi kitu hai. Nimefunga kifuniko. Chai, glasi tatu.

Jumatano, 9 Mehr
Siku ya kuyeyusha, mbele ya mkuu wetu, Daktari Sohrabpour. Nikatazama kwenye hadubini. Seli zangu zote maiti. Katikati yao kitu kinatembea. Miguu minane, taratibu, kama mtu anayekagua shamba lake. Kikasimama. Kikanigeukia.
Mahlagha akachungulia.
"Kiumars jan, ndugu yangu," akasema, "wenyeji umewaua, mgeni kaamka."
Kisha akaleta vichupa vingine, kutoka pipa la pili. Eti ananijua, aliweka akiba. Seli tisa katika kila kumi, hai. Mkuu kaamua Firuzeh atibiwe kwa njia hiyo. Mama wa binti alimshika Mahlagha mikono koridoni, akalia. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu.

Jumamosi, 12 Mehr
Nimewaza siku mbili. Kosa si langu. Ni la seli, hazina uvumilivu. Mgeni anao. Yuko kwenye kisahani. Nikihamisha kiti, naye anahama. Nimejichoma kidole, nikamdondoshea damu. Kainywa yote. Sasa yeye na damu yangu wamo kichupa kimoja, chini kabisa ya pipa. Kwenye kibandiko nimeandika jina la Mahlagha, asije mtu akauliza.