Vumbi la Miezi Mitano

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda makumbusho. Chumba cha tatu. Ukutani bado pana pengo na kikaratasi kilekile: "Imeshushwa kwa usafishaji." Ila leo wameongeza kwa kalamu: itarudi Jumamosi. Hatimaye! Miezi mitano kupangusa vumbi! Mke wangu hupangusa nyumba nzima kwa nusu saa, pamoja na kabati la vyombo.

Nimesimama mbele ya pengo robo saa. Picha yenyewe siihitaji, ninayo kichwani. Mwanamke na Beseni. Mchoraji hakuacha jina, na ni zaidi ya miaka mia mbili sasa. Mwanamke ameinama kidogo karibu na dirisha, mikono imezama majini. Kitazame kifundo cha mkono wa kulia! Mpigo mmoja wa brashi, mweupe, mwembamba kama uzi, na mkono umelowa kweli. Mara ya kwanza kuuona nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Sioni haya kuliandika.

Na juu ya yote, ile kahawia. Picha nzima imezama ndani yake, nzito kama asali. Jioni. Upweke. Mwanamke peke yake, na nyuma yake giza tupu. Miaka tisa naitafuta kahawia hiyo. Nimechemsha majani ya chai, kahawa, maganda ya vitunguu. Nimejaribu hata rangi ya viatu. (Picha niliyoipaka hiyo bado inang'aa ukiisugua.)

Kesho msimamizi wa makumbusho anakuja kwangu. Kando ya Mwanamke na Beseni itatundikwa picha ya mchoraji mmoja aliye hai, kwa mwaka mzima. Tumebaki wawili, mimi na Kasuku. Jina la Kasuku nimempa mimi: anapaka nyekundu, manjano na kijani kwa mkupuo mmoja, bila aibu. Mimi nimemwandalia msimamizi Upweke wa Jioni, Namba Kumi na Moja. Kahawia mwanzo hadi mwisho. Mke wangu ameuliza kama ni mlango.

Jumanne, 4 Machi

Msimamizi amefika saa nne asubuhi. Akasimama mbele ya Upweke wa Jioni muda mrefu sana. Nikajua nimempata. Kumbe alikuwa anatafuta mna nini ndani. Mwishowe akauliza, kwa adabu.

Halafu akahisi upepo shingoni. Akageuka, akaiona ile picha ninayozibia kioo cha dirisha kilichovunjika, sura imeelekea barazani. Akaichomoa. Akaigeuza.

Ni mama mkwe. Nilimchora mwaka juzi kwa kuwa aliomba. Alitaka picha moja tu ambamo watu watamtambua. Kumkazia macho mama mkwe kwa saa mbili kila asubuhi si kazi nyepesi kwa mkwe mwenye heshima zake. Basi nilichora harakaharaka, nikaweka kilichokuwepo: kilemba cha kijani, bakuli la manjano mapajani, vidole vikichambua maharage, jua shavuni. Sikufikiri hata kidogo. Ilikuwa ya kumridhisha mkwe, si sanaa.

Msimamizi akasema: hii. Nikamwambia kwa upole kwamba amekosea. Akasema hajakosea. Niilete Ijumaa, na nisiiguse tena. Nisiiguse. Nisiiguse kabisa. Mlangoni akarudia mara ya nne, na akaongeza kwamba nikiharibu, nafasi ni ya Kasuku.

Mama mkwe alipoambiwa ilibidi aketi kwanza. Akauliza kama ni kweli watu watapanga foleni kumwona yeye. Mchana kutwa ametembea taratibu kama aliyebeba trei ya mayai. Jioni alikuwa ameshawaalika marafiki zake kumi na wawili.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa mbele ya picha tangu asubuhi. Nakiri, ina kitu. Jicho la kushoto hasa. Linakutazama kama linakuuliza umekula. Sijui nililifanyaje. Na kidole gumba kilichobana ganda la haragwe! Ningekiona makumbusho kwenye picha ya mtu mwingine, ningekaa kwenye ngazi tena.

Lakini fikiria chumba cha tatu. Upande huu, kahawia ya miaka mia mbili, jioni, upweke. Upande wa pili, kilemba cha kijani kikipiga kelele kama kengele ya shule. Aibu gani hiyo! Halafu, kwa nini msimamizi akataze mara nne? Mtu hakukatazi mara nne jambo ambalo halihitaji kufanywa.

Nimekutana na Kasuku dukani kwa muuza rangi. Akanipongeza. Ati hupita barazani kwangu makusudi kuitazama ile picha ya mama. Ati hajawahi kuona kijani kama kile, anakionea wivu. Kwenda zake! Huko ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kasuku akiisifu rangi yangu, rangi hiyo ina kasoro. Papo hapo nikanunua chupa mbili za vanishi na tyubu tatu za kahawia. Akauliza za nini. Nikasema za mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kazini. Mama mkwe kwa fundi cherehani. Uwanja wangu!

Vanishi, kahawia, na kikombe kimoja cha chai ya rangi iliyokolea. Chai imegoma kuchanganyika. Nimeipiga na kidude cha mke wangu cha kupigia mayai mpaka ikasalimu amri. Mkono wa kwanza: jioni ikaingia. Mkono wa pili: jioni zaidi. Mkono wa tatu: kilemba kikatulia. Jicho la kushoto likaacha kuuliza maswali.

Bado moshi. Picha ya zamani imekula mishumaa ya miaka mia mbili, na mimi nina alasiri moja. Nikawasha magazeti yenye unyevu ndani ya ndoo ya bati uani, nikaishikilia picha juu yake. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Jirani akapiga kelele za moto, akamwaga karai zima la maji. Nikainua picha juu ya kichwa. Yote yakaniishia mimi. Picha salama!

Mke wangu amerudi akanikuta nimelowa, nanuka moshi, na kidude chake cha mayai kimekuwa cheusi. Akauliza kama nimeigusa picha. Nikajitia hamnazo. Akauliza tena. Nikamwambia sijaigusa kwa mkono, jambo ambalo ni kweli, nilitumia brashi.

Sasa imekuwa kitu. Ukiitazama kwa mbali huwezi kujua kama ni mama mkwe au ni upweke.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipeleka ikiwa imefungwa kwenye shuka. Msimamizi akataka kuiona. Nikaomba zote mbili zifunuliwe kesho, mbele ya watu, moja baada ya nyingine. Akanitazama. Akauliza kama nimeigusa. Nikamwambia: mama, nimeifunga shuka kwa mikono yangu hii. Akaniamini. Mwanamke mwema sana.

Mwanamke na Beseni amesharudi ukutani, kafunikwa kitambaa cheupe. Nilimsabahi kimoyomoyo. Kando yake alikuwepo fundi aliyemsafisha, mama mfupi mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na moja kichwani. Nikampa pole ya vumbi. Akasema lilikuwa jingi kuliko watu wanavyodhani. Nikacheka naye. Sikujua tunacheka nini.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika taratibu.

Watu kama themanini. Mama mkwe mstari wa mbele, gauni jipya, kilemba kilekile cha kijani ili atambulike. Marafiki kumi na wawili nyuma yake. Mke wangu kando. Kasuku kaegemea ukuta. Msimamizi akavuta kitambaa cha kwanza.

Bluu! Ukuta wa bluu, bluu ya anga baada ya mvua. Blauzi nyekundu. Beseni jeupe lenye mstari wa kijani. Si jioni, ni asubuhi, asubuhi tupu, jua limejaa chumba! Na ule uzi wangu mweupe wa kifundoni, ule nilioulilia, kumbe una ndugu zake: matone sita yanayoteremka hadi kiwikoni. Miaka yote sikuyaona hata moja. Na nyuma, kwenye lile giza, kwenye upweke nilioueleza kwa kila aliyekosea akasimama karibu nami, kuna mwanamume! Mume wake, bila shaka. Ameshika taulo, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Mwanamke hakuinama kwa huzuni. Anajizuia asicheke.

Machozi yalinitoka. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe. Huyo mtu alichora furaha ya watu wawili asubuhi ya siku ya kawaida, na mimi nimekuwa nikisujudia masizi. Sikuwa na kinyongo, nilikuwa na furaha tu. Nilisahau kabisa kwamba kuna kitambaa cha pili.

Kikavutwa.

Kando ya asubuhi ile, tope. Watu wakainamisha vichwa kutafuta. Mmoja akauliza kama imetundikwa nyuma mbele. Marafiki kumi na wawili wakamgeukia mama mkwe. Yeye akaitazama muda mrefu, akajitafuta pale, asijione. Kisha akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema: fremu ni nzuri, mwanangu.

Bora angenizaba kofi.

Mke wangu akamrudisha mama yake kwa marafiki zake. Msimamizi alisema mengi. Kasuku ataleta yake Jumatatu. Fundi wa miwani akasogea, akalowesha ncha ya leso, akagusa pembeni, akanusa. Akauliza kama hiyo ni chai. Nikakiri. Akauliza ilipakwa lini. Nikasema Alhamisi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Aliponyanyuka akafuta miwani yote miwili na kuniambia nije Jumatatu asubuhi na mapema, na nilete pamba nyingi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemfikishia pamba furushi zima. Anafanya kazi kwa kijiti chenye pamba nchani, anachovya kwenye kichupa, anazungusha pole, anatupa. Anachovya, anazungusha, anatupa. Amesema vanishi ya siku nne inatoka kama uongo wa mtoto, na rangi iliyo chini imekauka miaka miwili, haitikisiki. Ile ya chumba cha tatu alikuwa anapata eneo la stempu moja kwa siku. Miezi mitano ya stempu! Nimemvulia kofia. Nilikuwa nayo, nimeivua kweli.

Kilemba kilitoka kwanza. Kijani kile! Nilishtuka. Nikamuuliza ni nani aliyekipaka. Halafu shavu, halafu bakuli, halafu jicho la kushoto, na jicho likaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula tangu Jumamosi.

Kasuku akafika na picha yake kwapani. Nzuri, naandika kwa shingo upande: machungwa mezani, nyekundu moja pembeni ambayo ningeilipia mwezi wa jasho. Akamtazama mama mkwe mezani kwa fundi. Kisha akamwambia msimamizi kwamba bibi huyu akae ukutani, machungwa yake yatasubiri. Akaondoka na picha yake. Nimeamua kutomwita Kasuku kwa wiki moja.

Alasiri mama mkwe ameletwa kuona. Akaitazama picha, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akaitazama tena. Akasema ni yeye. Akalia kidogo, akacheka kidogo, akaniuliza kama fremu ndiyo ileile.

Nimemwomba fundi ile pamba chafu. Akauliza ya nini. Nikasema kumbukumbu. Ninayo kwenye chupa ya maziwa. Kahawia yake ni nzuri mno, lakini nimeapa.

Jumatano, 19 Machi

Mambo safi! Watu wanasimama mbele ya mama mkwe kwa muda uleule wanaosimama mbele ya Mwanamke na Beseni. Nimepima kwa saa. Yeye mwenyewe huenda kila siku baada ya chakula cha mchana, anasimama kando ya picha na kilemba chake, anangoja mtu atambue. Wanatambua wote. Anawauliza kama wamekula.

Somo nimelipata, nimelipata barabara. Tatizo lilikuwa kahawia. Sitaigusa tena maishani.

Leo nimeingia chumba cha sita. Mara mia nimekipita bila kusimama, kipofu mimi! Kuna picha moja pale, Karamu. Giza! Giza jeusi, zito, lenye hekima. Ukikaza macho unaona pua ya mtu, na pengine sahani. Karamu yenye watu waliomezwa na usiku wao wenyewe! Huyo bwana alijua nyeusi ni nini. Nimesimama saa nzima. Chini yake wamebandika kikaratasi kwamba itashushwa mwezi ujao kwa usafishaji, kwa hiyo sina muda wa kupoteza, lazima niisome kabla hawajaanza na vumbi lao. Nimepitia dukani nikachukua nyeusi, tyubu sita.

Jambo moja tu linanisumbua. Ule ukuta nyuma ya mama mkwe ni mweupe mno. Nyeusi kidogo pale, siyo nyingi, na jicho la kushoto litang'aa kama taa. Nimemwambia msimamizi fremu imepinda, niichukue nyumbani siku mbili. Amekataa kabla sijamaliza sentensi. Fundi ameikaza ukutani kwa skrubu nne, na amesema waziwazi kwamba amezikaza kwa ajili yangu.

Nimezitazama vizuri. Ni skrubu za kawaida tu. Bisibisi ninayo.