Saa ya Kitufe Kimoja

Jumatatu, 9 Juni
Saa imekamilika! Miezi minne ya kuunguza vidole kwa chuma cha kulehemu. Vichupa vinne vya kioo, ndani yake tarakimu za waya zinazong'aa rangi ya chungwa kama makaa. Ni ya mama mkwe. Saa yake ya zamani imekufa, naye ana vidonge vya presha vya kumeza kwa saa maalumu. Shemeji, fundi friji, ametangaza kwamba Alhamisi atampelekea saa ya ukutani. Mtu asiye na ubunifu hata chembe. Yangu itarekebishwa kwa kitufe kimoja tu. Mke wangu akauliza kitajuaje kama unataka saa au dakika. Nikamwambia hayo ni ya kitaalamu. Ukweli, sikuwa nimeyafikiria.

Jumanne, 10 Juni
Nimeyafikiria. Ukibonyeza mara moja, saa inasogea. Mara mbili upesi, dakika. Ukishikilia mpaka tarakimu zipepese mara tatu, inahifadhi. Ukishikilia sana, inafuta kila kitu. Mke wangu alijaribu, akapata saa ishirini na saba na dakika tisini. Nikamweleza kwa upole kwamba kosa ni la kidole. Akaenda kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka.

Jumatano, 11 Juni
Nimeandika maelezo. Kurasa mbili, lugha nyepesi. Nikampa jirani mshonaji, pamoja na saa, ayapime. Akauliza kama kitu hiki kinapiga shoti. Nikasema si mpaka ufungue boksi. Akanirudishia kwa ncha za vidole. Nimeandika: jirani ameridhika.

Alhamisi, 12 Juni
Shemeji alinitangulia kwa mama mkwe. Akazungusha kigurudumu nyuma ya saa yake, akapiga msumari, akaomba chai. Haikufika dakika mbili.

Zamu yangu. Mama mkwe akavaa miwani, akafuata kila mstari kwa kidole. Akabonyeza. Akaachia. Sifuri nne. Akarudia. Sifuri. Mara ya sita nikaona anapepesa macho kwa bidii kabla ya kuachia. Nikamuuliza kulikoni.

"Si umeandika mwenyewe, mwanangu? 'Shikilia kitufe, na baada ya kupepesa mara tatu, achia.' Nimepepesa mpaka machozi yananitoka."

Shemeji akatoka nje. Nilimsikia akikohoa chini ya dirisha. Hana kikohozi. Mama mkwe akanishika mkono, akasema taratibu kwamba pengine vitufe viwili vingetosha, kimoja cha saa, kimoja cha dakika. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 14 Juni
Mke wangu ametoka kwa mama yake. Vidonge vinamezwa kwa saa ya shemeji, bila kupitiliza hata kimoja. Yangu iko kando ya kitanda, imesimama kwenye sifuri nne. Mwanga wake unamsaidia mama mkwe kuona kandambili zake. Anaipenda mno.

Nilinuna kidogo. Kisha nikang'amua tatizo lilipo. Vitufe viwili? Huko ni kurudi nyuma! Tatizo ni kitufe chenyewe. Saa ya pili haitakuwa nacho kabisa. Itasikiliza makofi. Maelezo yamefika ukurasa wa sita, na bado sijaanza kueleza dakika.