Nimelala Ukweni Kabla ya Kukubaliwa

Usiku wa kuamkia leo sikupata hata lepe la usingizi. Swali lilikuwa moja: baba yake Mwanahawa akiniuliza huko Vietnam kuna nini hata nimpeleke binti yake kote huko, nitamjibu nini? Niliandaa jibu la msikiti, la baridi, la nyama ya mbwa (hili la mbwa nililifanyia mazoezi mpaka koo likakauka). Nafundisha Kiingereza kule mwaka wa pili sasa, na wiki ijayo narudi. Ama narudi na mke, ama narudi na begi.

Sasa someni nilivyojiaibisha.

Kwa kawaida mtu haendi mwenyewe kuposa, anatuma wazee. Lakini baba yake, Mzee Seif, alikataa: "Nataka nimwone huyo anayetaka kumvusha mwanangu bahari." Basi mimi na mjomba tukapanda boti kwenda kisiwani Juani. Njiani akanionya: "Wewe kazi yako kunyamaza. Usipoulizwa, tulia."

Nikatulia. (Jamani, nilitulia kupita kiasi.)

Tulikaribishwa vizuri. Shikamoo, marahaba, sinia la wali wa nazi na pweza. Tulipomaliza kula, mjomba na Mzee Seif wakaanza kuzungumzia minazi. Minazi ya huyu, minazi ya yule, mpaka wa shamba la marehemu fulani. Mimi sijaulizwa kitu. Upepo unaingia dirishani. Mkeka laini.

Niwaeleze jambo. Kule ninakofundisha, watu wakishakula cha mchana wanalala. Taa za shule zinazimwa, watoto wanatandika mikeka darasani, walimu wanajinyoosha chini ya meza. Mkuu wa shule analala mdomo wazi na hakuna anayeshangaa. Mwaka wa kwanza niliwacheka. Mwaka wa pili nikanunua mto.

Mwili wangu haukujua kwamba uko Juani. Nikavua kofia, nikaikunja, nikaiweka chini ya shavu, nikalala. Mbele ya baba mkwe. Katikati ya posa yangu mwenyewe!

Ingeishia hapo, afadhali. Lakini simu ikalia mfukoni, ile kengele ninayoitumia kuamsha darasa. (Likizo nzima nimekuwa nikijiuliza niizime au nisiizime.) Nikainuka, macho nusu, nikapiga makofi, nikawaamuru wazee wawili kwa Kiingereza, kwa sauti ya ualimu, waamke na wakunje mikeka yao.

Mzee Seif akamgeukia mjomba.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anaomba dua," akajibu mjomba, bila hata kupepesa macho.

Nyuma ya pazia shangazi mtu akaangua kicheko. "Dua gani ya makofi hiyo! Mwanahawa, njoo umwone bwana wako, anaota mchana kweupe!" Kisha nikasikia kicheko kingine, chembamba. Cha Mwanahawa.

Nilitamani kukimbia. Kukimbilia wapi? Maji ya bahari yalishakupwa, boti imekaa mchangani kama mimi.

Mjomba akaninong'oneza: "Sema una malaria." Nikafikiri. Nikisema malaria, mgonjwa. Nikinyamaza, mvivu. Nikicheka, mwendawazimu. Njia zote mbaya. Basi angalau niseme kweli.

"Baba, nilikuwa nimelala. Kule tunalala mchana, nimezoea. Na usiku sikulala kwa kukuogopa wewe."

Mzee Seif akanigeukia. Majibu yangu yote ya usiku yakawa tayari mdomoni, hata la mbwa.

"Hata wakubwa wa kazi wanalala?"

"Hata mkuu wa shule, baba."

"Na wanawake?"

"Nao pia."

"Vyombo vinaoshwa na nani?" sauti ya shangazi ikapenya pazia.

"Vinasubiri, shangazi."

Hakuna aliyecheka. Mzee Seif akageukia pazia, akasema: "Mleteeni mto."

Mto ameuleta Mwanahawa mwenyewe. Hakunitazama. Wazee wamerudi kwenye minazi yao. Sasa nambieni, mto ni ndiyo? Mto ni tusi? Nimemnong'oneza mjomba, naye hajui. Msinicheke, nusu saa nzima nimeukodolea macho kama karatasi ya mtihani.

Mwishowe nimeulaza mkekani na nawaandikia nikiwa nimelala ubavu. Maji hayajajaa. Nafumba macho.

Kengele nimeizima.