Mama wa Upande wa Giza

Jumapili, 15 Februari

Nimekata nywele. Mwenyewe, bafuni, kwa mkasi wa jikoni, nikimfuata dada mmoja wa kwenye video ya simu ambaye kwake lilionekana jambo la kucheka tu.

Sababu ni supu. Wiki iliyopita mama mkwe wangu, Lorraine, alivuta unywele mrefu kutoka kwenye supu yangu ya bitiruti, mbele ya wageni, akauinua juu kama mtu aliyevua samaki. Lorraine hana haja ya kusema. Basi sasa nywele zinaishia masikioni. Upande mmoja zimeishia juu zaidi, lakini nikiinamisha kichwa kidogo haijulikani. Hakuna nywele, hakuna maneno. Nikavaa na sweta langu jeusi, nifanane na watu wa jiji la Winnipeg.

Jioni tukakaa mbele ya televisheni, mimi, mume wangu Darcy na Maren wetu wa miaka sita, kuangalia Kina Tolliver Angani. Hicho ndicho kipindi chetu. Baba, mama, watoto, na roboti mlezi anayeitwa Yaya Bati, wanatoka nyota hii kwenda nyota ile wakisaidia watu, na mwishoni wanakula chakula cha jioni pamoja. Lorraine alishatuonya kwamba sehemu ya wiki hii si ya watoto, kasoma gazetini. Nikasema Maren ni jasiri. Nilisema hivyo kwa sababu ni Lorraine aliyesema vile.

Chombo kikapita kwenye ufa wa wakati. Kikatokea upande mwingine, ambako kuna kina Tolliver wale wale lakini mambo yao yaliharibika zamani na hayakutengenezwa. Upande wa Giza, wanauita. Taa nyekundu kila mahali. Baba kafungwa. Yaya Bati kauzwa chuma chakavu. Na aliyemuuza ni Mama Tolliver wa huko huko, kavaa nguo nyeusi, nywele zimekatwa hadi masikioni.

Maren akatazama televisheni. Akanitazama mimi. Akatazama televisheni tena.

Wakaandika kwamba itaendelea Jumapili ijayo. Mwanangu akashuka kwenye kochi, akaniuliza kwa adabu nyingi kama anaweza kwenda kulala kwa Nyanya.

Jumatatu, 16 Februari

Sikukuu, shule hakuna. Nilidhani usingizi utakuwa umemsahaulisha. Nikampa uji wake na sukari ya kahawia.

"Asante, Bi Shawna," akasema.

Bi Shawna! Jina ni langu, lakini Bi ni wa mwalimu wake na mama wa maktaba. Darcy alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Yeye kwake ni rahisi, bado ni Baba. Maren amemweleza kwamba kule Upande wa Giza baba hana ndevu, kwa hiyo huyu wetu ni wa halali. Darcy akajipapasa ndevu kama mtu aliyevishwa nishani, akaenda kuwasha tingatinga lake la kusukuma theluji, huku akiniambia nimwache mtoto, litapita tu, mke wangu, mbona una haraka.

Mchana nilipewa mtihani. Samaki wetu wa kwanza, yule tuliyemzika chini ya ua, aliitwa nani? Nikajibu haraka: Dhahabu. Kumbe Dhahabu alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Admirali. Maren hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeona alichokuwa anakitegemea.

Wakati wa kulala hakutaka busu. Alinipa mkono. Tukashikana mikono kama watu wanaomaliza kikao cha kanisa. Nilisimama nje ya mlango wake kitambo, nikaubusu mkono wangu mwenyewe pale alipoushika. Hilo sitamwambia mtu.

Lazima nirudi kuwa Mama kabla ya Jumapili. Nina mpango.

Jumatano, 18 Februari

Mpango: nywele za bandia.

Jirani yangu Glenda Friesen ndiye anayetunza mavazi ya mchezo wa Krismasi. Nikamwomba nywele za malaika. Akauliza za nini. Nikasema za mambo ya familia. Akanitazama, kisha akaniuliza kama Darcy anazijua. Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani kwamba alidhani ni mambo ya chumbani, na sasa nina aibu ya kwenda kuzirudisha.

Ni za manjano, za mawimbi, zinafika kiunoni, zinanuka dawa ya nondo. Nikazivaa na kusimama jikoni nikikoroga chungu huku nikiimba, Maren aingie kutoka shule aone mama yake wa zamani.

Aliingia. Akasimama palepale na viatu vyake vya theluji. Akanieleza kwa upole kwamba kwenye kile kipande walichoonyesha cha wiki ijayo, yule mama wa Upande wa Giza anavaa nywele za uongo ili awadanganye watoto.

Kwa hiyo nimethibitisha kwa mikono yangu kwamba mimi ndiye yule wa Giza.

Na mlango ukafunguka tena, Lorraine huyo, na sahani ya pierogi, sambusa zao za viazi za kuchemsha, chini ya kitambaa. Akanitazama kuanzia utosini hadi kiunoni. Akasema zimeota vizuri. Kisha akafunua chungu changu, akachungulia, akakifunika.

Maren akamkimbilia miguuni. Jioni ni Lorraine aliyemlaza na kumbusu, tena alikaa huko muda mrefu kuliko lazima. Nilikuwa nahesabu vijiko sebuleni. Vijiko havikuhitaji kuhesabiwa.

Ijumaa, 20 Februari

Mpango mpya, wa akili: kama mtoto anaona mimi ni mbaya, basi nitakuwa mwema hadi achoke.

Asubuhi chapati za maji zenye umbo la nyota, na shira ya mti wa maple juu yake. Baridi ni ya kupasua vipimajoto, lakini nimemkokota kwenye sleji ya theluji hadi shuleni huku nikilia kama king'ora cha chombo cha angani, na mwalimu mkuu aliniona. Jioni vitabu mpaka sauti ikakauka. Na inafanya kazi! Maren alicheka. Aliniegemea kidogo begani, akakumbuka, akajitoa.

Ningeishia hapo. Lakini mimi mtu wa kuishia?

Akiwa kwenye maji ya kuoga akaniuliza: kina Tolliver wakirudi kwao, wale wa Upande wa Giza wanakwenda wapi? Hapo nikafurahi, maana vipindi hivi nimevitazama tangu niko mdogo na sheria yao naijua. Kilichovunjika sehemu ya kwanza kinatengenezwa sehemu ya pili. Kapteni anabonyeza kitu, kila kitu kinarudi, na hakuna anayekumbuka. Ule upande wote, nikamwambia kwa fahari, unafutika kama ubao wa darasani. Asiwe na wasiwasi.

Sabuni ikamponyoka Maren.

"Na wewe?"

Nikasema mimi nini.

Hapo akaanza kulia. Si kilio cha hasira, kile cha kimyakimya kinachotikisa mabega. Akasema anamtaka mama yake, anamtaka sana, lakini hataki mimi nifutwe, maana chapati zangu ni nzuri na sijawahi kumuuza mtu. Akaniomba Jumapili tuzime televisheni ili nibaki.

Basi ndiyo hali yangu. Nashindana na mimi mwenyewe kwa moyo wa mtoto wangu, na wote wawili tunashindwa.

Jumapili, 22 Februari

Naandika kabla sijalala, na habari ni njema.

Nilikuwa nimeweka matumaini yote kwenye sehemu ya pili. Nilimbembeleza Maren kwamba huenda mambo yakaisha bila mtu kufutwa. Lorraine alikuja na bakuli la bisi, kushuhudia. Tukakaa. Saa ikafika. Nikawasha.

Barafu. Wanaume wanasukuma mawe kwenye barafu na wengine wanafagia mbele yake. Mechi ya fainali ilikuwa imechelewa kuisha, na maandishi yakapita chini yakisema Kina Tolliver wamesogezwa hadi wiki ijayo. Katika mkoa huu unaweza kuzima mazishi lakini huwezi kuzima mchezo wa mawe. Lorraine alikuwa ameshavua viatu na kusogeza kiti mbele.

Maren akanipapasa goti.

"Umepata wiki nzima, Bi Shawna," akaninong'oneza. Alikuwa ananipongeza.

Wiki nyingine ya kushikana mikono? Sikuweza. Nikainuka, nikasema sehemu ya pili itafanyika hapahapa, jikoni, sasa hivi.

Glenda alinunua friji majuzi na boksi lake lilikuwa kwenye baraza letu. Chombo hicho. Nikakifunga karatasi za bati za kuokea. Taa za Krismasi, ambazo Darcy anasema atazitoa tangu Januari, nikazizungushia mlangoni. Mashine ya kukausha nywele, upepo wa anga. Birika la umeme, moshi wa ufa wa wakati. Darcy akapewa chujio la tambi avae kichwani awe Yaya Bati. Akasema yeye ni mtu mzima anayefanya kazi ya serikali ya wilaya. Maren akamtazama tu. Akavaa, na sauti ya bati aliyoitoa ilikuwa nzuri hata nikashangaa alikuwa wapi siku zote.

Lorraine akaombwa awe kompyuta ya chombo. Akasema, bila kugeuka, kwamba kompyuta inaangalia mechi.

Mpango ulikuwa rahisi: naingia boksini Bi Shawna, natoka Mama. Lakini Maren akasimama mlangoni na mikono kiunoni. Na Bi Shawna je? Nikasema, mwanangu, ndiyo mchezo ulivyo. Akasema kwenye chombo hiki hafutwi mtu. Akaenda kuleta mito miwili, akaipanga ndani, mmoja wa Bi Shawna na mmoja wa Mama, akaipigapiga ikae vizuri. Nikakaa katikati, sikutaka kumuonea mtu.

Darcy akahesabu kwa sauti ya bati. Nikawasha taa. Nikawasha birika. Nikawasha upepo.

Nilichosahau ni gari. Kwa baridi hii gari la Darcy limechomekwa kwenye umeme huko nje, injini isigande, kwenye waya uleule wa jikoni. Kila mtu katika mji huu anajua kwamba gari likichomekwa huongezi hata kibaniko cha mkate. Mimi najua. Niliongeza upepo wa anga.

Pap. Nyumba nzima giza. Jiwe la mwisho la Lorraine likapotelea katikati ya barafu, na kutoka sebuleni ikasikika sauti ambayo sikujua mama mkwe wangu anayo.

Halafu, kutoka upande wa pili wa boksi: "Mama!"

Hakusema Bi. Alikuja moja kwa moja kupitia ubavu wa chombo, akaupasua, akaning'ang'ania shingo kwa mikono na miguu, pua yake baridi chini ya sikio langu lililo wazi. "Mama, Mama, siwaoni." Nikasema nipo. Nikasema nipo hapa, mama yangu, nipo.

Darcy akauliza kwenye giza tochi iko wapi. Nilikuwa najua iko wapi. Sikusema.

Aliipata hata hivyo, akaenda kuchomoa gari na kuinua swichi kuu, na taa zikarudi. Maren akajitenga kidogo, akanishika mashavu, akanichunguza. Akaniuliza ni nani aliyevuka.

Nikamwambia ukweli, kwamba kulikuwa na giza, hata mimi sijui.

Akafikiri. Akatazama mito. Akasema basi wamevuka wote. Haina neno, atatuita Mama, sote, ila chapati za asubuhi apike yule wa Upande wa Giza, yule mwingine huziunguza.

Kisha akanibusu. Mara mbili, moja kwa kila mtu.

Jumatatu, 23 Februari

Leo asubuhi Darcy amenikalisha. Anasema funzo liko wazi: niache mipango, nimwache mtoto awe mtoto, na nipatane na mama yake. Nikamwambia ameongea kama kitabu. Nimekubali yote kutoka moyoni.

Mchana Lorraine akaja. Akala supu, akasema tamu. Akaosha vyombo bila kuvirudia nilivyoosha mimi. Akaniambia nywele fupi zinanipendeza, zinaonyesha shingo. Miaka yote ya ndoa yangu haijawahi kutokea. Baadaye Darcy kanieleza kwamba jana, taa ziliporudi, mama yake alituona mimi na Maren pale chini kwenye boksi, akalia garini njia nzima ya kurudi kwake, na leo alikuja kutaka tuanze upya.

Ningejuaje? Mimi nilikuwa nimeshamwambia Maren. Si kwa ubaya. Nilipita naye tu ukumbini, nikasema kwa sauti ndogo: Nyanya leo mpole sana, eh? Ajabu kidogo, eh?

Chai ilipoiva Maren alihamisha kiti chake akaja kukaa upande wangu wa meza. Akamtazama mgeni wa Upande wa Giza kwa muda. Akamsukumia biskuti kwa kidole, kwa tahadhari, kama anayelisha kitu msituni.

Maskini Lorraine. Alikunywa chai haraka akaondoka, koti hata hakulifunga.

Nitalitengeneza kabla ya Jumapili. Mpango upo tayari kichwani, na huu hauwezi kuharibika. Unahitaji ngazi, mbwa wa Glenda, na Darcy asiwepo.