Majosho Saba ya Mbwa wa Meneja

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Nimempata mbwa! Bwana Josephu, meneja wa ghala letu la korosho, amepanda ndege kwenda Dar es Salaam hadi Jumamosi. Asubuhi aliuliza ofisini nani atamtunzia mbwa wake. Chande, karani mwenzangu, akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha yote miwili. Mbwa anaitwa Pamba kwa weupe wake. Sharti ni moja: Jumamosi awe ameoshwa na kuchanwa manyoya, maana meneja atarudi na wageni. Hakusema zaidi, lakini kila mtu anajua kiti cha karani mkuu kiko wazi tangu Mzee Rashidi astaafu. Kile kiti chenye mikono! Miaka yote mimi nimekalia stuli.

Chande alinipa hongera. Mtu aliyeshindwa anachekelea nini? Nitamchunguza.

Mke wangu Mwasiti hakunipa hongera. Amesema hii ni nyumba ya Waislamu, na mbwa akishalowa asiguse mtu wala chombo. Sufuria zote amezipandisha darini.

Jumanne, 3 Agosti

Pamba amegaagaa kwenye matumbo ya samaki sokoni. Ananuka, Mungu wangu! Nani aliyeyaacha matumbo pale, siku hii hasa? Nimewauliza wauza samaki. Wakasema hapa ndipo soko la samaki. Jibu la kupangwa hilo.

Jioni Chande akaja na kipande cha sabuni ya mche. Kwao ni shamba, njia ya Msimbati, na baba yake hufuga mbwa wa kufukuza nguruwe kwenye mihogo. Akasema mbwa huogeshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni tu, na mtu akimaliza anajitahirisha, mambo yanakwisha. Yuko tayari kunisaidia. Bure! Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi njia panda ili nihakikishe ameondoka.

Sabuni nimeinusa. Nimeilamba. Ni sabuni kabisa. Hapo ndipo wasiwasi uliponizidi. Nimeificha nyuma ya mtungi.

Jumatano, 4 Agosti

Nimevumbua njia ya kumwosha bila kumgusa. Fagio la chelewa limefungwa kwenye mwanzi mrefu, mimi niko juu ya stuli, ndoo mkononi. Safi sana! Ila Pamba alidhani ni mchezo. Alilikamata fagio, akalivuta na mimi nyuma yake, kisha akajikung'uta. Nililowa kuanzia kofia.

Mwasiti akatoa kichwa dirishani akatangaza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kuwa sasa nimeingia najisi, nisikanyage ndani mpaka nijioshe mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Nikajiosha uani. Majirani wote walikuwa wamejipanga ukutani. Chande naye akapita, eti anakwenda kununua nazi. Nazi! Minazi kwao imejaa.

Alhamisi, 5 Agosti

Jambo kubwa limenijia nikiwa nakunywa uji. Sahani iliyolambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ikatahirika. Sasa kwa nini tuhangaike na sahani moja moja? Mwoshe mbwa mwenyewe mara saba! Ukishamtahirisha, alambe chochote. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliona hili. Sikumwambia hata Maalim Thabiti wa madrasa, maana hunywa kahawa baraza moja na Chande.

Jirani anakandika nyumba. Nikachota udongo wake, ule mwekundu unaonata, sikutaka ubahili katika jambo la dini. Josho la kwanza la udongo, sita ya maji. Pamba alitulia sana, udongo aliupenda. Nikamkumbatia bila hofu. Nikampapasa, nikaenda kula wali kwa mkono uleule.

Alipokauka alikuwa mwekundu kama tofali.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimesalitiwa. Maalim Thabiti alinisimamisha kabla ya sala akaniuliza kama habari ni za kweli. Nikakiri. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema kinachooshwa ni chombo alichokigusa mbwa. Mbwa mwenyewe atabaki mbwa hata nimwoshe mpaka Kiyama. Basi mimi, sahani, mkeka na wali, vyote najisi! Mwasiti ameosha nyumba nzima huku akitaja jina la mama yangu.

Chande akaja tena. Akanisihi nisimpake kitu kingine chochote, nimwogeshe kwa ile sabuni, rangi itatoka. Alinisihi! Ya nini kunisihi kama hana lake jambo?

Nikafanya kinyume. Kanzu yangu hung'arishwa kwa buluu ya kufulia. Nimemtia Pamba buluu, paketi nzima.

Jumamosi, 7 Agosti

Zambarau. Mbwa mzima, mpaka masikio.

Bwana Josephu alisimama kwenye veranda yake kule Shangani na wageni wake, akamtazama Pamba, akanitazama mimi, akaniuliza ni mbwa wa nani. Nikasema ni wake. Akauliza tena.

Chande alikuwapo, kwa bahati eti. Alikwenda mbio kwangu, na Mwasiti akampa ile sabuni niliyoificha, bila kuulizwa! Maji ya vuguvugu, gunia la kukaushia, na Pamba akaanza kuwa mweupe mbele ya macho yetu, huku akimlamba mikono. Meneja akataka kujua sabuni hiyo ilikuwa wapi siku zote. Ningesema nini? Kwamba niliilamba?

Jumatatu, 9 Agosti

Chande amekikalia kiti chenye mikono. Nimeumia, sifichi. Nilirudi kwenye stuli yangu nikageuka ukutani, machozi yakanilengalenga.

Lakini nimefikiri, na sasa naona wazi. Mbwa alikuwa upande wa akina Chande tangu mwanzo.

Bwana Josephu atasafiri tena mwisho wa mwezi. Pamba atakwenda kwa Chande. Nikamkumbusha meneja kuwa ana paka pia, na kwamba paka hana najisi, hivyo hakuna kitakachoharibika. Akasema atafikiri. Amekubali!

Paka ni mweupe. Nimenunua buluu mapema.

Jioni Chande ameniletea kipande kingine cha sabuni, zawadi. Nimekilamba. Sabuni tupu. Mtu huyu ni wa hatari.