Kitufe cha Marahaba

Ilitangazwa rasmi, Jumatatu asubuhi, kwamba duka la mapazia lililo kati ya saluni na banda la vipuri vya baiskeli limehama. Tangazo lilisomwa ndani ya duka hilohilo, na msomaji wake alisimama juu ya kigoda ili hadhira yote imwone. Hadhira yote ilikuwa dada yake na mjomba wake.

"Kuanzia leo," alisoma Mkurugenzi Mkuu, "taasisi hii inaachana na utaratibu wa kizamani wa kufanyia kazi mahali. Ofisi yetu sasa iko mtandaoni. Nyaraka ziko mtandaoni, vikao viko mtandaoni, na kila mtumishi atatekeleza majukumu yake kwa njia shirikishi."

"Na cherehani?" aliuliza dada yake bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona.

"Cherehani itaendelea kuwepo katika kipindi cha mpito."

"Mimi naona nibaki," alisema Mjomba. "Drili yangu ina waya mfupi."

Mkurugenzi alishuka kigodani kwa uangalifu, kama anavyostahili kushuka mtu mwenye dhamana. Duka lilikuwa la mama yao. Magoti yalipomshinda alimwachia yeye, kitinda mimba wake, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kuhudhuria semina ya uongozi na kurudi na cheti. Dada mtu alikata na kushona. Mjomba, kaka yake mama, alizunguka majumbani na ngazi yake akifunga mabomba ya mapazia. Mkurugenzi aliongoza.

Uongozi wake ulikuwa na dosari moja tu, nayo ilimnyima usingizi: watumishi wote walimwita Kadogo. Walimwita hivyo mbele ya wateja. Walimwita hivyo hata siku alipovaa tai.

Sasa, hospitali mpya iliyokuwa ikimalizikia kujengwa ng'ambo ya barabara kuu ilitangaza zabuni ya mapazia ya madirisha yake yote. Kila mwombaji aliagizwa kuandaa ombi lake katika hati yake mwenyewe ya mtandaoni, ambayo Afisa Ununuzi wa hospitali angeifungua na kuisoma, na ingejifunga yenyewe Ijumaa saa sita mchana. Mkurugenzi aliona njia imefunguka. Mtu aliyevisha hospitali nzima mapazia, nani angethubutu tena kumwita Kadogo? Akaagiza kabisa kibao cha mezani chenye cheo chake.

Mageuzi yalianza siku hiyohiyo. Mazungumzo ya mdomo yalisitishwa. Dada alipotaka mkasi, uliokuwa karibu na kiwiko cha Mkurugenzi, aliinua mkono kuuomba, akakumbushwa utaratibu, akaushusha, akaandika ujumbe. Simu ya Mkurugenzi ikalia. Mkurugenzi akavaa miwani, akasoma, akajibu: *Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa.* Kisha akampa mkasi. Kazi iliyokuwa ikichukua kufumba na kufumbua sasa ilikuwa na kumbukumbu.

Mjomba, ambaye kuandika kulimchosha vidole, alituma ujumbe wa sauti. Kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, kila alichosema kilisikika kwanza kutoka kinywani mwake, halafu tena kutoka kwenye simu ya kila mmoja. Alipopiga chafya, duka zima lilipiga chafya.

Tatizo likaja kwenye hati yenyewe. Ndani ya hati shirikishi kila mtu huonekana kwa mshale wa rangi yake, na Jumatano Mkurugenzi alishuhudia kwa macho yake mshale wa dada yake ukipita katikati ya sentensi aliyoitunga asubuhi nzima na kufuta maneno "kwa unyenyekevu uliotukuka". Haukubisha hodi wala haukusalimu.

Waraka wa Pili ulitoka kabla ya chai. Uliagiza kwamba kila mtumishi aingiapo kwenye hati amwamkie Mkurugenzi kwanza, na asiandike kitu hadi aitikiwe.

Dada aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

"Nimwamkie nani?"

"Mkurugenzi."

"Mimi nikupe shikamoo wewe, Kadogo? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukaota meno, ukayajaribia kwenye bega langu?"

"Hapa tuko kikazi, dada."

"Na mimi," aliongeza Mjomba, "ndiye niliyekuteremsha kwenye paa la choo ulipopanda ukashindwa kushuka. Ulikuwa unalia na kunitukana. Shikamoo sikuipata siku ile, na leo nikupe mimi?"

"Ngoja nimpigie mama," alisema Dada, akachukua simu.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuogopa, ila alikuwa mtu wa kusikiliza wadau. Kikao cha maridhiano kikaitishwa papo hapo. Ikakubaliwa kwamba kuamkiana kubaki, kwa maana waraka ukishatoka haurudi nyuma, lakini kufuate umri kama nyumbani. Mkurugenzi alitangaza matokeo hayo kuwa ushindi wa menejimenti. Aliona hajapoteza kitu, maana salamu ni maneno tu.

Utekelezaji alikabidhiwa Mshauri Elekezi, bwana mpole mwenye mkoba, aliyelelewa vizuri kiasi cha kuomba radhi alipogongana na kabati. Aliingiza tarehe ya kuzaliwa ya kila mtumishi, akafunga hati kwa kanuni mpya, akaweka kitufe. Anayeingia ataandika shikamoo, na hati haitampokelea neno lingine mpaka kila aliyemtangulia kuzaliwa abonyeze kitufe cha marahaba. Alieleza yote hayo taratibu, mara mbili. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa huku akichagua picha yake ya mfumo, kati ya ile ya kutabasamu na ile ya kuwaza.

Ijumaa ilipofika, ombi lilikuwa linapendeza. Picha zilikuwepo, vipimo vilikuwepo, sampuli za vitambaa zilikuwepo. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, ile ya bei, ambayo Mkurugenzi alijiwekea yeye mwenyewe ili ijulikane ni nani aliyefunga zabuni. Zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya saa sita, alikunja mikono ya shati, akafungua hati.

*Tafadhali amkia,* ilisema hati.

Akaandika shikamoo.

*Subiri wakubwa zako.*

Mkurugenzi alimgeukia dada yake. "Dada, nimekuamkia."

"Mazungumzo ya mdomo yamesitishwa," alisema Dada.

Akamwandikia ujumbe. Simu ya Dada ikalia mezani. Dada akafuta mikono, akaisoma, akajibu. Simu ya Mkurugenzi ikalia: *Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa.* Dada akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno, akalikunja pazia, ndipo akabonyeza.

Akabaki Mjomba. Naye alikuwa nyumbani kwa mteja, juu ya ngazi, mikono yote miwili imeshika bomba, na simu ikiwa kwenye koti, na koti likiwa kwenye kiti chini. Mkurugenzi alipiga mpaka sikio likapata joto. Akampigia Mshauri Elekezi.

"Iondoe hiyo kanuni! Haraka!"

"Hakuna shida, bosi. Ila kuiondoa nako ni kuandika kwenye mfumo, na agizo lazima litoke kwako. Umeshaamkia?"

Hati ilimruhusu neno moja tu, basi akalitumia hilohilo kwa nguvu zake zote. *Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo.* Mshale wake mwekundu ulishuka ukurasa mzima ukiamkia. Chini kabisa, pembeni yake, ukatokea mshale wa kijani ambao hakuwahi kuuona. Ulikuwa wa mgeni, kanuni ya watumishi haikuuhusu, na ulikuwa na jina: *Afisa Ununuzi, Hospitali.*

Moyo wa Mkurugenzi ulishuka mpaka kwenye soksi.

*Marahaba,* aliandika Afisa Ununuzi. *Bei mnafanya kiasi gani?*

*Shikamoo,* aliandika Mkurugenzi.

*Marahaba, mwanangu. Naulizia bei.*

*Shikamoo.*

*Marahaba. Unaumwa?*

*Shikamoo,* aliandika Mkurugenzi, na machozi yalikuwa karibu.

Hapo ndipo ulipoingia mshale wa bluu, polepole, mshale wa mtu anayeandika kwa kidole kimoja. Mjomba alikuwa ameshuka ngazini. Kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote, hati haikumdai kitu. Na kwa kuwa aliona mgeni anauliza na hajibiwi, alimhudumia mgeni kwanza.

*Karibu mgeni wetu,* aliandika. *Bei ya kila dirisha ni hii hapa.* Akaiweka. Ilikuwa bei yake ya siku zote, isiyo na gharama za uongozi. *Kufunga ni bure kwa sababu ya wagonjwa. Likianguka pazia niite mimi. Huyu anayekuamkia ni Kadogo wetu. Usimshangae, amelelewa vizuri.*

Kisha akabonyeza kitufe. *Marahaba, mjomba!* Hati ikamfungukia Mkurugenzi, wazi kabisa, akashika kibonyezo cha kwanza, na saa ikatimia. Hati ikajifunga.

Wiki iliyofuata barua ya ushindi ilifika. Mkurugenzi aliipokea kwa mikono miwili, akapanda kigodani, akaanza kuisoma kwa sauti kabla hajaipitia, kosa ambalo hakulirudia tena maishani.

"'Kwa Mjomba, Mkuu wa Taasisi,'" alisoma, akakohoa. "'Tuna furaha kuwaarifu kuwa mmeshinda. Waombaji wengine walitueleza habari zao wenyewe kwa kurasa nyingi. Ninyi peke yenu ndio mliosalimu. Tumeguswa hasa na kijana wenu Kadogo, ambaye hata alipoulizwa habari za fedha alitanguliza adabu. Vijana wa namna hiyo wameadimika. Tunaomba afuatane nawe kila siku, akushikie ngazi.'"

Dada alijifunika uso kwa pazia. Pazia likatetemeka kwa muda mrefu.

Mkurugenzi aliumia, tusimfiche. Kibao cha mezani kilikuwa kimefika asubuhi ileile, cha shaba, na sasa Mjomba alikiegemezea drili. Lakini kiongozi hakati tamaa. Aliketi akatunga Waraka wa Tatu, uliofuta kuamkiana, uliofuta kitufe, na uliorejesha mamlaka yote mahali pake. Kilichobaki ni kuuingiza kwenye mfumo. Akaandika shikamoo.

"Dada, tafadhali. Bonyeza."

Dada alishika simu, kidole kikielea juu ya kitufe. "Hapa mshale unaonyesha mtu, simtambui. Ni nani?"

"Mkurugenzi."

Kidole hakikushuka.

"Ni mimi," alisema Mkurugenzi. Alitazama mlangoni kama kuna mteja. "Kadogo."

"Marahaba, Kadogo," alisema Dada, akabonyeza.

Basi Mkurugenzi akaenda kazini, ng'ambo ya barabara kuu, tai shingoni, akashika ngazi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Juu yake Mjomba alikuwa akipachika bomba huku ameng'ata skrubu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mjomba."

"Siyo hiyo. Ile ya kwenye simu. Kubonyeza tu."

"Mikono imejaa," alisema Mjomba. "Tukimaliza nikumbushe."

Muuguzi aliyekuwa akipita na ndoo alisimama. "Kadogo, shika ngazi vizuri, utamwangusha mzee."

Akaiweka simu mfukoni, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akatazama kule mwisho wa ukumbi. Hospitali ile ina madirisha mengi.