Moduli Isiyo ya Kiini Chetu

Jumatatu, 3 Juni
Kamera za ofisi hazirekodi. Kadi mpya ya picha ya kompyuta imefika, lakini mashine pepe, ile kompyuta ndani ya kompyuta inayoendesha kamera na milango, haiitambui. Inataka moduli, kipande kidogo cha programu cha kupachika kwenye kiini cha Linux, moyo wa mfumo wake. Waliotuuzia mashine hiyo wameifunga kila upande. Hujengi kitu humo ndani, unapachika tu walichojenga wao, cha toleo lile lile la kiini. Chao kitachukua wiki mbili. Bosi amesema kamera zisiporekodi kufikia Ijumaa, nafasi yangu anapewa shemeji yake. Shemeji mwenyewe yuko meza ya pili, anakiangalia kiti changu kama fundi anayepima suruali.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata moduli mtandaoni. Imeshajengwa, haina jina la mjenzi. Toleo si letu. Nikafuta namba ya toleo, nikaandika yetu. Mashine ikagoma. Nikailazimisha. Ikakubali. Shemeji akanikumbusha kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia visima navijua, anipishe. Picha safi kabisa!

Jumatano, 5 Juni
Bosi kanisifu mbele ya watu. Eti jana jioni alifungua kamera, akaniona bado niko mezani nachapa kazi. Jana jioni nilikuwa kwenye kochi nyumbani, mke wangu shahidi. Nimeitazama picha. Ni mimi. Shati ni lile la bluu, ambalo muda huo lilikuwa kwenye kamba linakauka. Lakini sifa haikataliwi. Nikamshukuru bosi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekaa mezani, nikafungua kamera inayoitazama meza hiyo hiyo. Yule yupo, mimi simo. Anachapa bila kupepesa. Kisha akainua uso, akanitazama, akaendelea na kazi yake. Nimeogopa, nasema kweli. Shemeji naye kaona. Ameniomba niing'oe leo hii, hata hiyo nafasi haitaki tena. Ujanja mtupu. Niing'oe leo, kesho Ijumaa? Mimi si mtoto.

Ijumaa, 7 Juni
Kadi yangu imekataliwa mlangoni. Mlinzi anasema mwenye kadi hiyo ameshaingia, na bosi amemthibitisha kazini asubuhi. Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akanionea huruma, akapiga simu ndani. Nikasikia sauti yangu ikijibu, kwa adabu, kuwa hainifahamu. Nikampigia mke wangu aje anitambue. Akasema niache mzaha, tumeongea sasa hivi kwa simu ya ofisini, na leo nimempendeza kwa maneno mazuri.

Niko kwenye ngazi za nje. Shemeji ameniletea maji, macho mekundu. Anasema tuwasubiri wauzaji. Wiki mbili! Nywila yangu ya kuingia kwenye mashine bado inakubali kwenye simu, na nimeshapata moduli nyingine ya kumng'oa huyu bwana. Toleo halifanani na letu, ila tofauti ni namba moja tu. Nafuta, naandika yetu.